Mmea Usio na Chungu



Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, nami katika umri huu nimekuwa mwanafunzi wa binti yangu wa mwisho. Kabla ya kwenda masomoni mbali na nyumbani, alinifundisha kazi ya mikono ya Wajapani iitwayo kokedama. Koke ni ile mimea midogo, laini kama zulia, inayotanda juu ya mawe ya kivulini. Dama ni donge la mviringo. Mmea huishi ndani ya donge la udongo lililovikwa koke, bila chungu wala mkebe.

Mafundi wa Japani hutumia ketotsuchi, udongo mweusi unaonata, uliotokana na mimea ya majimaji iliyooza. Huuchanganya na akadama, punje za udongo wa volkeno zinazopitisha maji. Sisi tulichanganya udongo wa mfinyanzi na mboji. Tukaizungushia mizizi ya mche wa kahawa udongo huo, tukaukanda kwa viganja hadi ukawa donge, tukalifunika kwa koke tuliyoibandua kwenye mawe ya kijito, tukalifunga kwa uzi wa pamba.

Nikamwuliza kwa nini tusitumie waya, ambao hauozi upesi.

“Baba,” akanijibu, “uzi si wa kudumu. Siku utakapooza, mizizi itakuwa imekwisha kushikana yenyewe.”

Wajapani wanao pia mtindo uitwao nearai, ulio ndugu wa kokedama. Mmea hukaa chunguni miaka mingi hadi mizizi isukane na kukijaza chungu chote. Kisha hutolewa, ukasimama wenyewe, ukishikwa na mizizi yake.

Donge hili halinyweshwi kwa kuhesabu siku. Unalipakata mkononi: likiwa jepesi, lina kiu. Ndipo unalitia katika beseni la maji hadi mapovu yakome, kisha unaliacha lichuruzike. Koke nayo haina mizizi ya kweli. Hunywa kwa vijani vyake. Hukauka ikasinyaa hata ukadhani imekufa, nayo ikipata maji huweza kurudia rangi yake ya kijani.

Binti yangu ameondoka, na mche wake umebaki dirishani. Kila asubuhi naupima mkononi, najua hali yake. Yeye mwenyewe siwezi kumpima hivyo. Usiku simu isipolia, moyo wangu hutamani tena ule waya. Halafu nakumbuka neno lake, nanyamaza.

Ninyi mnaojiandaa kuondoka, msiudharau uzi uliowafunga mlipokuwa wadogo: maonyo ya mama, saa ya kurudi nyumbani, kazi za kila siku. Ulishika udongo mahali pake wakati mizizi yenu ilipokuwa bado myembamba. Utakapolegea, msiogope. Lakini mkiona kiu huko mliko, semeni mapema. Mikono yetu sisi tuliobaki haifiki mbali hivyo.