Twiga hawashuki kreta

Najua nimepotea. Wengine mmenitumia ujumbe mnauliza kama nimedisko. Sijadisko, nipo. Nilikuwa fildi nyumbani Karatu, niliporudi chuo nikakutana na foleni za usajili na vita ya kutafuta chumba, si mnajua wenyewe. Leo lekcha ya mchana imeahirishwa, nikasema ngoja niandike hiki kitu nilichokaa nacho tangu Julai 2025. Ni habari za mpira, ila msiopenda mpira msikimbie, humu ndani kuna aibu yangu.

Kwanza niwapeleke Karatu. Watalii wakitoka Arusha wanapita Makuyuni, Mto wa Mbu, wanapanda ukuta wa Bonde la Ufa, wanafika kwetu. Asubuhi wanaelekea geti la Lodoare na kushuka kreta ya Ngorongoro. Jioni wageni wakishaingia loji zao, madereva wanakuja mjini kula, na wakishakula wanaingia kibanda umiza. Julai kwetu baridi si ya mchezo, ukungu umeshuka, kila mtu kajifunga koti mpaka kidevuni. Kibandani kuna joto la watu. Mabenchi ya mbao, kiingilio mia tano, mechi kubwa buku. Ukutani kuna bendera za Arsenal, Man United, Chelsea na Liverpool. Simba na Yanga zipo mlangoni. Ya Twiga Stars hata kuuliza hujauliza.

Mimi ni Arsenal. Agosti 2011 tulipopigwa 8-2 na Man United pale Old Trafford nilikuwa na miaka minane, nikalia, nikakataa kula makande. Kesho yake nikavaa jezi yangu ya mtumba nikaenda nayo mtaani kuzomewa. Naomba mkumbuke hiyo 8-2, nitairudia.

Nina mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, winga wa kushoto wa timu ya shule. Semista iliyopita alinipigia simu akaomba nimsaidie daluga, maana alikuwa anaazima za mwenzake. Nikamwambia mdogo wangu, bumu limekata. Wiki hiyo hiyo nikanunua jezi ya Arsenal elfu thelathini na tano, nikapiga picha, nikaiweka mtandaoni. Aliiona. Hakusema kitu. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, sasa tuendelee.

Mjomba wetu ni dereva wa utalii. Jioni ya tarehe 9 Julai alirudi na kisa. Alikuwa na mgeni, mama mmoja wa Australia. Wamekaa Ngoitokitok wanakula chakula cha mchana huku wanaangalia viboko, wakaanza stori za mpira. Yule mama akasema kwao watu wanakesha usiku wa manane kufuatilia ligi ya Uingereza, na soka wala siyo mchezo wao wa kwanza. Lakini Kombe la Dunia la wanawake lilipochezwa kwao na New Zealand mwaka 2023, timu yao ya Matildas ilijaza watu 75,784 uwanjani Sydney. Akauliza, na yenu inaitwaje? Mjomba akasema Twiga Stars. Ikoje? Hapo mjomba akakosa maneno. Siku mbili nyuma tu, tarehe 7, Twiga Stars walikuwa wamecheza na Mali kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Morocco wakafungwa 1-0. Mjomba hakujua hata kama kuna mashindano.

Mgeni alipoona mzee kababaika akabadilisha mada. Akauliza, mbona humu kreta sijaona twiga hata mmoja? Hilo mjomba analijibu kila siku akiwa amefumba macho: kule chini ni majani mengi, miti ya kula twiga ni michache, na kuta ni kali kushuka. Ukitaka twiga watafute huku juu au ukielekea Serengeti.

Mdogo wangu alikuwa anamenya vitunguu. Akasema bila kuinua kichwa, "Kumbe twiga hawapo kreta, hawapo kibandani, na kwa mjomba hawapo hata kichwani."

Mjomba akacheka sana. Mwenyewe hakucheka. Akanigeukia, "Kaka, Ijumaa wanacheza na Afrika Kusini, bingwa mtetezi. Nipeleke."

Basi bwana, Ijumaa tarehe 11 usiku tukaenda. Mimi, mjomba, mdogo wangu na wenzake watatu wa timu. Tukakuta kibandani wanaangalia marudio ya mechi ya ligi ya Uingereza ya mwezi Mei. Marudio! Ligi imeisha, matokeo kila mtu anayajua, na watu wametoa hela zao wamekaa wanatazama. Nikamwomba mwenye kibanda aweke Twiga Stars. Akaniambia, "Dogo, nikiweka akina mama nani atalipa? Niletee kumi hapa naweka." Sisi tulikuwa sita. Nikatoa elfu tano, nikalipia na wanne ambao hawapo.

Alipobadilisha, kibanda kikaguna. Dereva mmoja nyuma yangu akasema soka la wanawake halina kasi. Aisee, dakika moja iliyopita alikuwa anatazama kona aliyoshaijua kwamba haitazaa bao.

Kipindi cha kwanza Opa Clement akafunga. Wadau, sijui niseme nini. Benchi letu lilianguka. Yule wa nyuma aliyesema hakuna kasi alinikumbatia kwa nguvu hadi kofia yangu ikapotea. Kuna waliokuwa nje wanakula mishikaki wakaingia kuuliza kuna nini. Kipindi cha pili Afrika Kusini wakasawazisha, ikaisha 1-1, na mtu hakutoka hadi filimbi.

Wakati wa kutoka yule dereva akasema kwa furaha kabisa, "Kumbe wanajua!"

Nilidhani mdogo wangu atafurahi. Akasimama. "Anko, shikamoo. Samahani, kumbe ya nini? Oktoba 2021 walichukua COSAFA kule kule Afrika Kusini, fainali wakamfunga Malawi 1-0. Mwaka 2022 Serengeti Girls walienda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 India, wakamfunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali. Simba Queens mwaka huo huo wameshika nafasi ya nne Afrika kwa klabu. Sisi tulikuwa wapi?"

Anko akasema marahaba mwanangu, akanyamaza.

Halafu zamu yangu. "Na wewe kaka, si Arsenal? Mwezi Mei mmechukua ubingwa wa Ulaya, mbona hukushangilia?" Nikajua ananitania, maana mwezi huo PSG walikuwa wametutoa nusu fainali. Kumbe hatanii. Tarehe 24 Mei 2025, Lisbon, Arsenal ya wanawake iliifunga Barcelona 1-0, ikabeba kombe. Mimi niliyesubiri kombe la Ulaya toka utotoni, limekuja, jezi ni ile ile, na sikulihesabu. Akaniongezea: Aisha Masaka alisajiliwa Brighton mwaka 2024. Nikakumbuka Februari 2020 Samatta alipoifunga Bournemouth, pale kwetu wote tuligeuka Aston Villa wiki nzima. Masaka alipoingia ligi ya wanawake ya huko huko Uingereza sikusikia mtu hata mmoja anamtaja.

Jumatatu tarehe 14 mwenye kibanda aliweka Twiga Stars bila kuombwa, na watu walikuja. Ghana wakatupiga 4-1, safari ikaishia hapo. Na hapo ndipo nilipoona tatizo lilipo. Watu walianza kutoka bao la tatu. "Si tulisema?" "Mwanamke na mpira wapi na wapi." Yule aliyenikumbatia Ijumaa naye alikuwemo.

Sasa turudi kwenye 8-2. Nilipigwa nane na kesho yake nikavaa jezi. Watu wa Man United walipigwa 7-0 na Liverpool Machi 2023, mbona wapo hadi leo? Hakuna aliyesema Waingereza hawajui mpira. Ligi ya Uingereza tunaisamehe, Twiga Stars tunaikagua. Ile ya kule ikifungwa nne ni bahati mbaya, hii yetu ikifungwa nne ni ushahidi.

Tusidanganyane kwamba ni suala la ubora tu. Simba na Yanga tunazifia, na kuna mechi zao mpira wote uko juu kama kunguru. Mapenzi ni mazoea, wadau. Ligi ya Uingereza inakuja kila wikiendi, saa inajulikana, katikati ya wiki tunabishana, Jumamosi tunarudi. Twiga Stars mara ya kwanza kwenda fainali za Afrika ilikuwa 2010, wakafungwa mechi zote tatu, na wakarudi huko 2025. Miaka kumi na mitano! Utazoea vipi kitu unachokiona mara moja katika miaka kumi na mitano? Mwenye kibanda simlaumu, ana king'amuzi cha kulipia. Lakini mimi naye nilikuwa na simu, nilikuwa na bando, na nilikuwa na mchezaji nyumbani kwetu.

Kabla ya kurudi chuo nilienda mnadani nikachimba kwenye mitumba, nikapata daluga namba 38. Yeye anavaa 37, akajaza kitambaa mbele. Hela ilikuwa ya jezi ya msimu mpya. Akasema asante kaka, basi, hakuongeza. Halafu akauliza kama nitakwenda kuangalia mechi yao Jumapili tarehe 17 Agosti.

Wenye mpira wenu mnajua tarehe hiyo. Man United na Arsenal, Old Trafford, ufunguzi, saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa zetu. Mechi ya kina dada ilichelewa kuanza maana mpira ulikuwa hauna upepo. Calafiori anafunga dakika ya 13, mimi bado nimesimama pembeni ya kiwanja chenye vumbi, giza linaanza kuingia, nasikia kelele kutoka mjini na sijui ni za nani. Tulishinda 1-0, nilikuja kuambiwa.

Mdogo wangu na wenzake walifungwa 2-1. Akanijia akiwa na daluga mkononi. "Umeiona ile krosi yangu?"

Nikamwambia nimeiona. Na kweli niliiona.

Haya wadau, jaribio la leo: taja wachezaji watano wa Twiga Stars bila kuangalia simu. Mimi Julai niliishia wawili. Majibu andikeni hapo chini, na msidanganye, mdogo wangu huwa anasoma humu. Tupo pamoja.