Azimio Moja kwa Tarafa Nzima

Mwaka 2023, watoto wa darasa la nane walipoufanya mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, na wengi wakashukuru kwamba mzigo umetuliwa, mimi niliyekwisha kustaafu niliona haja ya kuandika jambo ambalo wenzangu wamelisahau, au pengine hawapendi likumbukwe.

Nilizaliwa Kabras kabla ya kiwanda cha sukari, mashamba yalipokuwa ya mahindi na wimbi; nikasoma karibu na Malava, nikafunzwa ualimu Kaimosi, na mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985 ukanikuta nimekwisha kushika chaki. Hayo yatosha.

Jambo lenyewe ni hili: muhtasari wa masomo ulitoka Nairobi, nao ulikuwa mmoja kwa nchi nzima. Walakini baina ya muhtasari na mtoto pana masafa, na humo ndimo kila shule ilimojifanyia ipendavyo. Mkufunzi wa kituo chetu cha walimu, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa uhai wake wote hakupenda sifa, alitukusanya kila likizo, sisi wa shule za barabarani na wenzetu wa kandokando ya msitu, tukaandika azimio la kazi moja, juma kwa juma, likachapwa kwa stensili, kila shule ikapewa nakala yake. Alipokuja kukagua hakuomba daftari la mwanafunzi bora, kama ilivyokuwa ada ya wakaguzi. Alikwenda hadi deski ya nyuma, akachukua daftari lililokunjika pembe, akalinganisha tarehe zake na azimio, kisha akamwomba mwenyewe amweleze hesabu ya mwisho aliyoifanya. Mtoto akikwama, aliketi naye mpaka afahamu, na mwalimu akabaki amesimama akitazama.

Walikuwako waliompinga. Mwalimu mkuu mmoja, jirani yangu, alidai kuwa watoto wanaoshinda mashambani mwa miwa ni muhali kwenda sambamba na wa sokoni, na kwamba insafu ni kuwapa kazi nyepesi. Tena kila Januari aliwarudisha wadhaifu darasa la saba, ili wastani wa shule usishuke katika mtihani wa Novemba. Nilikataa, na ningali nakataa. Darasani kwangu alikuwamo mvulana wa miwa ambaye asilimia zilimshinda kabisa, hata nilipomwambia alete stakabadhi ya malipo ya baba yake: tani, bei, kisha makato ya mbegu, mbolea, ukataji na usafirishaji. Alizikokotoa ubaoni mstari kwa mstari, na wale wa mbele, waliohifadhi kanuni tu, wakamwomba arudie. Hesabu ilikuwa ya juma lilelile la azimio. Sikuipunguza hata tarakimu.

Ninyi walimu vijana mliokabidhiwa mtaala wa umilisi ulioshika nafasi ya 8-4-4, nawasihi: msikiapo kwamba kila mtoto ana kipawa chake, msilifanye neno hilo kuwa kisingizio cha kumwacha mtoto wa gredi ya nne bila kusoma kwa kuwa ana mbio za raga. Kipawa hakidhihiriki bighairi ya mtu kufundishwa, na kufundishwa kwa ukamilifu.

Jirani yangu naye amestaafu. Tukikutana Malava siku ya soko hunitajia barua ya pongezi aliyoandikiwa kwa wastani wake. Nami humwuliza habari za wale aliowabakiza darasa la saba, majina yao na walipo sasa, na mpaka leo hajanijibu.