Simu ya Marehemu na Picha za Mabiharusi



Tumezoea kuzungumza hapa mambo ya harusi: hina, singo, nguo za kesha, namna ya kukaa na mawifi. Leo nimekuja na jambo linaloanzia kwenye harusi hizo hizo na kuishia kwenye mirathi. Ni picha. Sizungumzii za ukutani, nazungumzia zile zilizomo ndani ya simu yako sasa hivi, ambazo siku ukiitwa na Mola wako hakuna anayejua ni za nani, zikae wapi na azione nani.

Dada yangu mkubwa alifariki mwaka jana nyumbani kwetu Bendera, wilaya ya Same. Wengi wenu wa visiwani hampajui. Ukipanda basi la Arusha kutoka Dar unashuka Mkomazi, unaiacha barabara kuu na kuingia ile inayopita chini ya milima ya Pare kwenda Kihurio, Ndungu na Maore, hadi Kisiwani na kutokea Same mjini. Bendera iko huko chini, kwenye tambarare. Joto lake ni kama la Unguja, ila upepo wa bahari haupo.

Marehemu ndiye aliyekuwa mpiga picha wa wanawake. Hakuwa na studio wala kamera. Alikuwa na simu nzuri, mkono uliotulia na mdomo uliofungwa. Harusi ikifika, upande wa wanaume alikuja kijana na kamera yake. Upande wa ndani, ambako biharusi kavua mtandio na mama zake wanacheza, aliingia dada peke yake. Kina mama wa Bendera, Kihurio na hadi Ndungu walimwamini. Akimaliza, anamtumia biharusi picha zake, basi. Hakuwahi kuweka hata moja kwenye status.

Baada ya mazishi wanaume walikaa kikao cha mirathi, kama inavyotakiwa. Mgawanyo haukuwa na utata: mume ana robo kwa kuwa marehemu ameacha watoto, mama yetu ana sudusi, kilichobaki kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Vitu vikathaminiwa. Simu ikahesabiwa kama cherehani na mbuzi zinavyohesabiwa, ikaangukia kwenye fungu la mtoto wa kiume. Kijana mwenyewe hana neno, ana adabu zake. Akasema ataipeleka kwa fundi Same ikaflashiwe aitumie, kwa sababu yake imevunjika kioo.

Mama hakubishana na mtu. Aliichukua ile simu, akaifunga kwenye kanga, akaitia chini kabisa ya sanduku. Walipomuuliza, akajibu, "Humu mna watoto wa watu."

Mimi wakati huo niko Unguja. Nilipigiwa nije, kwa kuwa kwetu mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa najua mambo ya simu. Boti, basi, kisha bodaboda kutoka Mkomazi. Njia nzima nilikuwa nalifikiria neno lile la mama, na kila nilipolifikiria nililiona lina fiqhi ndani yake kuliko kikao kizima.

Tazameni. Marehemu akifa na ng'ombe aliyeachiwa na jirani amchungie, yule ng'ombe hagawiwi. Si mali yake, ni amana, inarudi kwa mwenyewe kwanza. Simu ile, chuma na kioo chake, ni tirka. Lakini picha ya biharusi wa Kihurio aliyejipamba mbele ya wanawake wenzake haikuwa mali ya dada yangu hata siku moja. Alishikishwa. Kwa hiyo haiwezi kumwangukia mtoto wake kwa fungu, na haiwezi kufika mezani kwa fundi ambaye hata jina lake hatulijui. Hukumu ya kupiga picha yenyewe muulizeni sheikh wenu, masheikh wamezungumza mengi na mimi si mahali pangu. Ninachosema ni kwamba zikishapigwa, zina wenyewe.

Alama ya kufungulia simu alikuwa anaijua binti yake, maana ndiye aliyekuwa akimsaidia kutuma. Alhamdulillah kwa hilo. Asingeijua, simu za siku hizi hazifunguki kirahisi bila kufutwa, na zingepotea zote, za watu na zetu.

Tulikaa siku tatu, mimi, mama na binti wa marehemu, mlango umefungwa. Zilikuwa zaidi ya elfu sita. Nilidhani kazi itakuwa kulia, na kulia kulikuwapo, hasa tulipofika kwenye video ya bibi yetu akiwafundisha wajukuu nyimbo za kubembeleza mtoto kwa Kipare. Bibi katangulia miaka minne, na hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Ingeflashiwa ile simu, ingekwenda na bibi.

Ila nyingi hazikuwa za kulia wala kuchekea. Bei ya mbegu ya mpunga kwenye ubao wa duka. Dawa ya kuku, pande mbili za chupa. Nyiradi za asubuhi alizozipiga kutoka kwenye simu ya mtu. Vitambaa, vitambaa, vitambaa. Na katikati ya hivyo vyote, kurasa za daftari la kikundi chao cha kuweka na kukopa, alizokuwa akizipiga kila mwezi ili asizozane na katibu.

Hapo mama akasema, "Soma vizuri." Tukasoma. Dada alikuwa anadaiwa na kikundi marejesho mawili, na shoga yake mmoja alikuwa bado hajamlipa hela ya kitambaa. Hakuna aliyekuwa amesema kitu msibani, pengine kwa haya. Nanyi mnajua utaratibu: mazishi, kisha deni, kisha wasia, ndipo mirathi. Kikao kilikuwa kimefika kwenye mirathi na deni lipo ndani ya simu. Mume wake alipoonyeshwa zile kurasa aliwaita wenzake siku hiyo hiyo, wakatoa deni la kikundi kabla ya kitu kingine. Sijui kama kuna picha yoyote ya harusi iliyomfaa dada yangu kaburini kama ile ya daftari.

Picha za mabiharusi tulizitenga kwa majina. Binti alimpigia kila mmoja, kwa sauti, si kwa ujumbe. Tukamuuliza: tukutumie kisha tufute, au tufute tu? Nilitegemea wote watataka zifutwe. Wengi walizitaka, kwa sababu simu zao walizokuwa nazo wakati wa harusi zilishaharibika au kuibiwa, na dada ndiye aliyekuwa ghala lao bila kujua. Mmoja ameachika. Alinyamaza kidogo, akasema za kwake tufute zote, ila ile aliyokaa na mama yake mzazi tumbakishie.

Zetu wenyewe tulizihamishia kwenye flashi mbili, moja kwa mama Bendera, moja kwangu Unguja. Kisha simu tukaifuta sawasawa na kumkabidhi mwenyewe.

Sasa nije kwenu, kwa sababu si kila mmoja ana binti anayejua alama ya simu yake.

Picha za wengi wetu hazimo kwenye simu tu, zimo kwenye akaunti ya Google. Google wana sehemu ya kupanga itakuwaje akaunti ikinyamaza, wameiweka tangu 2013. Unachagua muda wa ukimya, miezi 3, 6, 12 au 18, na unaweza kutaja watu hadi 10 wapelekewe vitu unavyovichagua wewe. Unaweza kusema huyu apate picha lakini asipate barua pepe. Unaweza pia kusema ifutwe yote. Usipopanga chochote, fahamu kwamba tangu Desemba 2023 Google wameanza kufuta akaunti za watu binafsi zilizokaa miaka 2 bila kuguswa. Yaani mtoto aliyeachwa na miaka mitatu akifika darasa la kwanza akaulizia sura ya mama yake, huenda hakuna cha kumwonyesha.

Wenye iPhone, tangu mwisho wa 2021 mnaweza kuteua mtu wa urithi, hadi watano. Huyo hupewa ufunguo maalumu, na siku ikifika anauleta pamoja na cheti cha kifo. Anaruhusiwa kuingia kwa miaka 3, kisha akaunti inafutwa moja kwa moja. Cheti cha kifo nacho kifuatilieni mapema, bara ni RITA. Familia nyingi hukiacha hadi pale hela ya benki inapodaiwa.

Facebook waliweka jambo kama hilo 2015, ila msimamizi wako hasomi ujumbe wako wa siri, na hilo mimi naliona ni sitara.

WhatsApp ndiyo inayonisumbua zaidi, maana huko ndiko tunakoishi. Akaunti ikikaa siku 120 bila kuunganishwa hufutwa. Hesabuni: eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, kwa mwezi mwandamo kama siku 128. Mume anaweza kufutika WhatsApp mke angali ndani ya eda. Zile picha na sauti alizokutumia wewe zimo kwenye simu yako, zihamishe. Zilizomo kwenye simu yake, yawekwe mahali salama angali mtu anaikumbuka alama ya kufungulia. Na laini ya marehemu isitupwe haraka, kwa kuwa namba za uthibitisho zinaingia huko huko. Pesa zilizomo kwenye laini ni tirka, zinasubiri msimamizi wa mirathi. Asizitoe mtu kwa kuwa tu anaijua namba ya siri.

Jambo hili si geni kwetu sisi watu wa pwani, limebadilika sura tu. Hapa Mji Mkongwe mnaijua Capital Art Studio, iliyofunguliwa 1930 na Ranchhod Oza. Alipofariki 1993 mwanawe Rohit aliendelea, na kuta zile zimejaa sura za watu wa zamani. Bibi zetu waliokwenda studio kupiga picha walijua hasi zinabaki kwa mpiga picha, na baada yake kwa watoto wake. Ndiyo maana wengine walikwenda wamejisitiri vilivyo, na wengine hawakwenda kabisa. Sisi tumejipa studio kila mmoja mfukoni, na hatukujiuliza hasi zinabaki kwa nani.

Wewe biharusi mtarajiwa, kabla hujalipia ukumbi, ulizia hilo. Mwanamke anayekuja kukupiga picha za ndani, anazihifadhi wapi? Kwa muda gani? Akifa yeye, simu au kompyuta yake anaigusa nani? Ukimwona anashangaa, usivunjike moyo, na yeye hajawahi kuulizwa. Andikianeni hata kwenye karatasi ya daftari kwamba baada ya kukukabidhi na wewe kuthibitisha kuwa umepokea, anafuta.

Na wasia. Katika hadithi ya Ibn Umar, ambayo Bukhari na Muslim wote wameipokea, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asipitishe masiku mawili ila wasia wake umeandikwa. Tunadhani ni maneno ya wenye nyumba na mashamba. Kitu cha kuusia unacho, umekishika mkononi. Mteue wasii mwanamke, unayejua hachunguzi, na andika nini aone, nini afute bila kufungua, nini ampe nani. Kama una ujumbe wa siri wa watu waliokuamini, andika afute. Alama ya simu usiiandike kwenye karatasi ya wasia yenyewe, kwa sababu wasia husomwa mbele ya watu. Itie kwenye bahasha yake, umkabidhi huyo mwanamke.

Yangu nimemteua wifi yangu. Watu walicheka, mmewazoea mawifi kwa visa. Lakini huyu wangu mwaka wa kumi sasa anajua siri yangu moja kubwa na sijawahi kuisikia ikirudi kutoka kwa mtu. Nilipomwomba, aliniuliza swali moja tu, akitaka nilijibu kwa maandishi: picha zangu za harusi nilizovaa nguo ya kesha, mume wangu abakie nazo au nazo zifutwe? Nilikaa siku mbili nalo. Nimeandika abakie nazo yeye, na akioa tena, zifutwe.