Usianze na Shokomzoba

Tangu tumsindikize mwalimu wangu wa ufundi hadi tanuri la Kariokor, vijana wananidai hadithi za madereva. Mimi nilikaa chini ya magari, kwa hiyo nitasimulia ya chini.

Nilizaliwa Pumwani, karo ikakatisha shule, nikaangukia gereji ya Kalasinga mmoja barabara ya Kirinyaga. Ndiye mwalimu wangu, na tulimwita Mzee. Hannu Mikkola alikuwa ameshinda mbio za magari za Safari za 1972 kwa Ford Escort, mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kulitwaa taji lile, na kila mwenye Escort alitaka yake ikimbie vivyo hivyo.

Nyuma ya Escort za enzi hizo kuna ekseli nzima iliyofungwa kwenye springi za vyuma bapa. Ukikanyaga mafuta ghafla, ekseli hutaka kujizungusha kinyume cha magurudumu. Springi hupinda, hujirudi, hupinda tena, na tairi hurukaruka badala ya kung'ata barabara. Fundi mkuu wa gereji jirani, ambaye simtaji, alikuwa na dawa moja: ongeza vyuma, kaza shokomzoba. Gari likawa gumu kama kitanda cha rumande, na kwenye vumbi likateleza kuliko mwanzo.

Mzee alianza na lami. Alama ya tairi iliyokatikakatika ilimwonyesha kuwa ekseli inacheza. Kisha aliingia chini na tochi. Chuma kiking'aa pale ekseli inapokutana na springi, yuboliti zimelegea. Unga mwekundu ukitoka kando ya bushi ya springi, mpira umeachana na chuma. Shokomzoba alizifikia mwisho.

Kubwa tuliloteta na jirani lilikuwa difu. Tairi la kulia likizunguka peke yake, yeye alitangaza difu imekufa. Haijafa! Propela ikisukuma kwa nguvu, hupunguza uzito upande wa kulia, na difu ya kawaida huachia tairi jepesi lizunguke. Wateja wangapi waliuziwa difu wasiyoihitaji, Mungu ndiye ajuaye.

Ninyi wa leo mnatafuta pa kuchomeka kompyuta. Escort za enzi zile hazina. Ikija Safari Classic, mbio za magari ya zamani, magari haya yanarudi, na wenyewe wanasaka mtu wa kulala chini. Mkiletewa moja, msiagize spea kubwa siku hiyo. Badilisheni bushi, kazeni yuboliti, mliendeshe barabara ileile. Likiwa bado linasumbua, hapo ndipo mguse mfuko wa mteja.