Jiko la Mukumu

Aprili 2023, magazeti ya Kenya yalipokuwa yakilitaja jina la Mukumu takriban kila siku, vijana wengi walilisikia kwa mara ya kwanza likiwa limefungamanishwa na ugonjwa, na wapo watangazaji waliolizungumzia kana kwamba Shule ya Upili ya Wasichana ya Moyo Mtakatifu, Mukumu, iliota juzi kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, haina wazee wala asili. Ujinga huo unaudhi, kwa kuwa bila kuijua misheni yenyewe haieleweki kwa nini watu hawakuikimbia shule hiyo moja kwa moja.

Wamisionari wa Mill Hill, shirika la mapadri wa Kikatoliki lenye asili ya Uingereza ambalo wengi wa watu wake katika eneo hili walikuwa Waholanzi, walifika Mukumu katika nchi ya Waisukha mwaka 1906, miaka minne hivi baada ya wamisionari wa Kikweka, wa Kiprotestanti, kutua Kaimosi. Kanisa, hospitali, makazi ya watawa na shule zilikaa pamoja, hata msichana aliyeletwa na sanduku lake la bati alikuwa amekabidhiwa kwa mji mzima wa misheni, ambamo mgonjwa hakuhitaji safari ndefu kutoka kitandani bwenini hadi kitandani hospitalini.

Katika shule za namna hii magharibi mwa Kenya, umoja uliohubiriwa kanisani ulithibitishwa jikoni. Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ilitaka moto wa saa nyingi, na moshi wa kuni za mkaratusi uliingia ndani ya sweta, ukalala na wasichana na kwenda nao misa ya asubuhi, hata mama aliyempokea bintiye likizoni aliutambua moshi huo kabla ya kuuliza habari za mtihani. Kabla ya chakula kutiwa sufuriani, wasichana waliketi na nyungo wakichagua maharagwe, wakitoa mawe madogo, makapi na punje zilizotobolewa na fukusi, kazi iliyochosha macho na kuleta ugomvi mdogomdogo kuhusu nani ametegea, lakini ambayo maana yake ilikuwa kwamba kila punje imepita mikononi mwa mtu ambaye angeila. Mtawa aliyesimamia stoo alishika ufunguo mwenyewe na kujua gunia gani limeingia lini. Ukali wake ulilalamikiwa sana. Leo ukali wa aina hiyo ungegharimiwa semina ya siku mbili hotelini.

Si kwamba zamani hizo zilikuwa za heri tupu. Ukoko uligombewa, sukari ilikuwa ya kuhesabiwa, na msichana aliyelalamikia chakula aliweza kuambiwa autolee mateso yake kwa ajili ya roho za toharani.

Mabadiliko yalikuja kwa makaratasi. Tume ya Kuwaajiri Walimu iliundwa mwaka 1967, Sheria ya Elimu ya 1968 ikafuata, na Kanisa likabaki kuwa mfadhili, neno ambalo katika elimu ya Kenya kwa kawaida humaanisha dhehebu lililoianzisha shule na lenye sauti bado katika ibada na maadili, ilhali walimu na usimamizi viko chini ya serikali. Jimbo Katoliki la Kakamega lilipokatwa kutoka Kisumu mwaka 1978, chini ya Askofu Philip Sulumeti, mpangilio huo ulikuwa umeshazoeleka. Baadaye ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4, kisha agizo la kila mtoto anayemaliza msingi aingie sekondari, na mabweni ya nchi nzima yakajaa kupita kipimo. Nyungo hazikuweza kulisha umati huo. Zabuni zilichukua nafasi yake, na gunia likawa linajulikana zaidi kwa stakabadhi kuliko kwa harufu.

Shule ya Mukumu ilifungwa tarehe 3 Aprili 2023, Jumatatu ya Juma Kuu, wakati mamia ya wanafunzi walikuwa wameugua na wazazi wamefika langoni kudai binti zao. Wanafunzi na mwalimu mmoja walipoteza maisha. Wizara ya Afya ilieleza kwamba vipimo vilionyesha mchanganyiko wa bakteria wawili: E. coli, ambaye akikutwa katika maji au chakula huashiria kwamba kinyesi kimeingia mahali kisipostahili, na Salmonella typhi, anayeleta homa ya matumbo. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Ezekiel Machogu, aliivunja bodi, na mkuu wa shule akahamishwa. Hatua hizo zilikuwa za lazima, ingawa desturi ya kubadilisha watu upesi na mabomba polepole haikuanzia Mukumu.

Pasaka ya mwaka huo, tarehe 9 Aprili, iliwakuta wasichana wametawanyika majumbani na katika wodi, na ndipo ilipoonekana kwamba misheni haikuwa imekufa. Wengi wa wazazi waliokuwa na kila sababu ya kutafuta shule nyingine waliwarudisha binti zao milango ilipofunguliwa tena tarehe 8 Mei, mwezi ambao Wakatoliki huutenga kwa Bikira Maria. Kurudi huko hakukuwa msamaha. Mzazi anaweza kumrudisha mtoto na bado akataka kuyaona maji, na huyo anayetaka kuyaona maji anaifaa shule kuliko anayeisifu tu.

Waliokuwa kidato cha nne walikuwa na haraka yao wenyewe. Walianza kidato cha kwanza Januari 2020, wakafungiwa shule Machi kwa sababu ya korona, wakarudi kukimbizwa katika mihula iliyofupishwa, kisha wakapoteza takriban majuma matatu ya muhula wa kwanza wa mwaka wao wa mwisho. Novemba iliyofuata waliketi kufanya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa ratiba ileile ya nchi nzima.