Tone la Oili Machakos

Msomaji, ukitoka Nairobi kwenda Machakos, safari ya kiasi cha maili 40, utavuka uwanda wa Athi hata uione milima ya Mua na Iveti. Njia hiyo tuliifuata kwa Volkswagen Kombi kuukuu, yenye vitanda na jiko ndani yake. Tulipoegesha mjini, matone ya oili yakaanguka chini ya injini.

Injini ya Kombi ile haina maji. Hupozwa kwa upepo na oili, nayo oili yake ni kiasi cha lita 2 na nusu tu. Ikipungua, injini hupata joto la kupita kiasi na kukwama. Mimi nilitaka boliti ya chini ikazwe. Fundi mmoja, mtu mzima, akanizuia: "Ndugu yangu, tone huonyesha lilipoangukia, si lilipotoka."

Akaosha injini, akaiwasha kidogo, kisha akatafuta palipolowa juu kuliko pote. Ilikuwa mirija ya fito za vali. Mirija hiyo ni 8, na kila mmoja una sili 2, ambazo hukakamaa kwa joto. Vichwa vya injini vikafunguliwa, sili zote zikabadilishwa.

Gari lilipopona tulikwenda Kyamwilu, karibu na mji, mahali ambapo gari lililozimwa huonekana kupanda mlima. Kwa kweli huteremka. Umbo la nchi ndilo linalodanganya macho. Nikamkumbuka fundi yule. Basi mwenye gari kuukuu asikaze boliti kabla ya kuosha injini.