Salamu kutoka Butimba

Nilikuwa darasa la tano hapo Nyarero, wilayani Tarime, jirani yetu alipohukumiwa kunyongwa hadi kufa kwa mauaji. Siku hizo Musoma haikuwa na Mahakama Kuu yake. Jaji alikuja kwa kikao kutoka Mwanza, akasikiliza kesi zake, akaondoka. Habari ilifika kijijini jioni ileile. Upande wa marehemu walisema basi, damu imejibiwa, na wazee wao wakawaambia vijana warudishe mapanga darini. Upande wa pili, mama wa mhukumiwa alinyoa nywele akakaa matanga bila maiti. Sisi watoto tuliambiwa tusipite mbele ya mji wa yule mama tukipiga miluzi.

Miaka kumi na kitu baadaye kijana mmoja aliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe alimaliza kifungo chake gereza la Butimba, Mwanza, akashuka Tarime, akapanda hadi kwa yule mama na kumwambia: "Mwanao anakusalimu. Mzima, ila miguu tu inamsumbua."

Sijawahi kuona salamu iliyovuruga kijiji namna ile. Mama alilia upya, safari hii hakujua analilia nini. Upande wa marehemu walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuuliza kama serikali iliwadanganya. Baba yangu mdogo, ambaye hana cheo chochote ila hupenda kusema ukweli usioombwa, aliwaambia hakuna aliyewadanganya. Jaji alisema atanyongwa, hakusema lini.

Nimeikumbuka kauli hiyo hapa Houston, Texas, ninakoendesha lori mwaka wa kumi na mmoja sasa. Nilipopata uraia nilijua nitapiga kura. Sikujua kwamba jina langu litaingia pia kwenye orodha ya watu wanaoweza kuitwa mahakamani kuamua kesi za wenzao. Barua ilikuja, nikaenda. Malipo ya siku ya kwanza ni dola 20, hayatoshi hata maegesho na chakula cha mchana. Tulikuwa wengi ukumbini, tukapewa dodoso refu kuliko fomu zangu zote za uhamiaji. Kesi ilikuwa ya mauaji, na mwendesha mashtaka alikuwa ameamua kuomba adhabu ya kifo.

Swali lililonikaba lilikuwa moja: ushahidi ukitosha, je, wewe unaweza kupiga kura mtu huyu auawe? Wewe, kwa mkono wako. Ukijibu kwamba huwezi kabisa, kwa hali yoyote, unaondolewa, maana wanataka watu walio tayari kuizingatia sheria yote. Kwa hiyo meza ya watu kumi na wawili wanaokata shauri la kifo huwa imekwisha kuchujwa, wenye moyo usioweza kuua wametolewa mlangoni.

Texas zamani haikuwa na kifungo cha maisha kisicho na parole. Aliyeponea kifo kwa kosa kubwa la mauaji angeweza kuomba parole akishamaliza miaka 40. Mwaka 2005 bunge la jimbo lilibadili sheria: sasa kwa mtu mzima ni kifo, au gereza mpaka siku ya kufa, bila bodi ya kuombwa. Mwendesha mashtaka asipoomba kifo, hiyo ya pili inakuja yenyewe, jaji hana la kupunguza. Akiomba, wale kumi na wawili wanajibu maswali: je, mtu huyu ataendelea kuwa hatari? Je, kuna jambo lolote katika maisha yake linalotosha kumwachia uhai? Mmoja tu akigoma, hukumu ya kifo haipatikani, anafungwa maisha. Na sheria inakataza kuwaambia hivyo! Anayesitasita hukaa akidhani yuko peke yake na kwamba kigugumizi chake hakina uzito.

Hukumu za kifo Texas zimeporomoka. Mwaka 1999 zilitolewa 48. Tangu 2015 hazifiki kumi kwa mwaka. Sababu ni nyingi, ila hiyo njia ya kufungia mtu moja kwa moja imewapa watu pa kuegemea bila kuua.

Nirudi kwetu Tanzania. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakina maneno mengi. Ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, adhabu ni kifo, na ni moja. Mjamzito hufungwa maisha. Aliyekuwa chini ya miaka 18 hawekwi kwenye kamba. Wengine wote, jaji hana mizani ya kupimia. Hakuna wa kuuliza kuhusu maisha ya mshtakiwa, kwamba alilelewa vipi.

Anayetoka Tarime anajua maana yake. Watu wawili wanagombana kilabuni, panga linatoka, mmoja analala. Au koo mbili zinagombea bonde, asubuhi maiti iko mpakani na magari ya polisi wa Tarime/Rorya yanapanda mlima. Mahakamani kesi nzima husukumwa kwenye tundu moja la sindano: alikusudia, au hakukusudia? Akionekana hakukusudia, jaji anapata uhuru wote, kuanzia kifungo cha maisha hadi miaka michache tu. Akionekana alikusudia, hata kwa dakika moja tu, ni kamba. Hakuna katikati. Mawakili wanajua, ndiyo maana wanapigania neno "nia" kama watu wanaopigania mto wakati wa kiangazi.

Kisha kamba yenyewe haiji. Mara ya mwisho Tanzania kunyonga mtu ilikuwa 1994. Mwaka huohuo, Dodoma, Jaji James Mwalusanya alitamka katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu hiyo inavunja Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikakubali kuwa ni ya kikatili, halafu ikasema Katiba bado inairuhusu. Tangu hapo majaji wanahukumu na marais hawasaini. Rais Magufuli alilisema wazi Septemba 2017 alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma: wasimpelekee orodha ya wa kunyongwa, anajua ugumu wake. Desemba 9 mwaka huo aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wakisubiri kunyongwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyo Arusha iliamua Novemba 28, 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunavunja haki ya kuishi. Mpaka ninapoandika, sijasikia kwamba jaji anayekuja Tarime amefunguliwa mikono.

Ukivuka mpaka wa Sirari hatua chache, ukaingia Kenya kwa Wakurya wenzetu wa Isebania, mambo ni mengine: Mahakama ya Juu ya Kenya ililikata neno hilo la lazima Desemba 14, 2017, katika kesi ya Muruatetu. Shemeji zangu wana mashamba pande zote mbili. Ngumi ileile, panga lileile, jiwe la mpaka ndilo linaloamua kama jaji ataruhusiwa kukusikiliza.

Kwa hiyo nasi tuna kifungo cha maisha kisicho na parole. Hatukukipitisha bungeni, kimetokana na kalamu isiyosaini. Yule jirani yetu wa Butimba anatumikia adhabu ambayo haimo katika hukumu yake, na kila asubuhi anaweza kuitwa. Hata aliyefungwa maisha kwa hukumu iliyotamkwa hayuko mbali naye, maana Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 iliwaacha nje wafungwa wa maisha. Wote wawili tegemeo lao ni ibara ya 45, msamaha wa Rais.

Sisemi Texas ndiyo wenye haki. Njia yangu ya I-45 inapita Huntsville, na jioni wanapoua mtu katika gereza la kule, malori hayapunguzi hata mwendo. Ila kuna kisa cha Sugar Land, kitongoji cha hapa karibu, ambacho ningependa wazee wa ritongo, baraza letu la ukoo, wakisikie. Desemba 2003 Thomas Whitaker alipanga mauaji ya nyumba yake mwenyewe. Mama yake na mdogo wake walikufa. Baba, Kent, alipigwa risasi akapona. Mtoto akahukumiwa kifo. Baba ndiye aliyezunguka miaka yote akiomba asiuawe, kwamba serikali ikimuua kwa niaba ya marehemu itakuwa inamwachia yeye kaburi la tatu. Bodi ya msamaha ya jimbo ikamsikia. Februari 22, 2018, ikiwa imebaki chini ya saa moja, Gavana Abbott akabadili adhabu iwe kifungo cha maisha bila parole. Kwetu huyo baba angesimama wapi? Mbele ya kifungu cha 197 hana kiti. Katika baraza la ukoo angekuwa wa kwanza kuulizwa.

Mimi sikuchaguliwa. Niliandika kwenye dodoso kwamba siwezi, wakanishukuru, nikarudi kwenye lori. Jumapili nilimpigia baba mdogo nikamweleza yote. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata.

"Mura," akasema, "hao kumi na wawili, mtu aliyeuliwa ni ndugu yao?"

"Hapana, tata. Hawamjui."

"Na anayeuawa?"

"Naye hawamjui."

Akaguna. Halafu akaniambia yule mama, jirani yetu, amezikwa wiki iliyopita, na kwamba hawajui nani atapeleka habari Butimba.